Karani wa Kaya: Mwongozo wa Kufundisha Matumizi Mema ya Teknolojia katika Shule za Dodoma na Nyanda za Kati

Mwongozo huu unamlenga mwalimu wa sekondari, na kwa sehemu kubwa mwalimu wa darasa la tano hadi la saba pia, anayefundisha katika mikoa ya Dodoma na Singida, ambako mwanafunzi hukatazwa kuingia na simu shuleni mwaka mzima, lakini akirudi nyumbani ndiye anayeitwa kusoma ujumbe wa babu, kuangalia salio la mama na kubonyeza namba pale bibi anapotumiwa fedha na mwanawe aliyeko Dar es Salaam. Hali hiyo ndiyo inayopaswa kuamua kitu gani kifundishwe kwanza. Maandiko mengi ya somo hili humfikiria mtoto mwenye kifaa chake, chumba chake na intaneti isiyokatika, na kwa hiyo huanza na hesabu ya saa anazokaa mbele ya skrini. Katika kaya nyingi za Bahi, Chemba au Manyoni mtoto hana kifaa, ila amekabidhiwa dhamana ya kifaa cha mtu mwingine, na dhamana hiyo inagusa fedha, siri na jina la mtu mzima. Mwanafunzi huyo ni karani wa kaya, na ukarani wake umeanza kabla hajafundishwa kazi hiyo na mtu yeyote.

Matumizi mema ya teknolojia, kwa maana inayotumika hapa, ni uwezo wa mtu kutumia simu, kishikwambi, kompyuta na intaneti kwa manufaa bila kujidhuru wala kumdhuru mwingine, huku akijua sheria inasema nini na akiweza kueleza sababu ya alichokifanya. Kipengele cha mwisho kina uzito kuliko kinavyoonekana, kwa kuwa mwanafunzi asiyeweza kueleza sababu huwa ametii tu, na utii wa namna hiyo huishia kwenye geti la shule.

Marufuku na mipaka yake

Marufuku ya simu shuleni ina sababu za kweli, na hakuna mahali katika mwongozo huu inapopendekezwa iondolewe. Simu huvuruga utulivu wa kujisomea usiku, huzua wizi bwenini, na huwatenga wenye simu janja na wasiokuwa nazo. Wala jambo hili si la Tanzania peke yake: ripoti ya UNESCO ya ufuatiliaji wa elimu duniani ya mwaka 2023, iliyojikita katika teknolojia, ilieleza kuwa karibu nchi moja kati ya nne zilikuwa zimeweka sheria au sera ya kuzuia simu janja shuleni. Shida huanza pale marufuku inapochukuliwa kuwa ndiyo somo lenyewe. Oktoba 2019, katika Shule ya Sekondari Kiwanja wilayani Chunya, mkuu wa mkoa wa Mbeya wa wakati huo aliwachapa viboko wanafunzi 14 waliodaiwa kukutwa na simu, baada ya mabweni kuungua, na tukio hilo lilijadiliwa nchi nzima. Mjadala ulihusu fimbo zaidi ya ulivyohusu simu, na swali la kwamba wanafunzi hao walikuwa wamefundishwa nini kuhusu simu kabla ya kukutwa nazo halikupata nafasi kubwa. Swali hilo linafaa kuulizwa katika kila kikao cha nidhamu.

Nafasi ya kufundishia ipo. Mitaala mipya ilianza kutekelezwa Januari 2024, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, ilizinduliwa jijini Dodoma mwaka 2025. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili linabeba bila taabu mada za faragha, uongo na heshima mtandaoni. Somo la Kiswahili linabeba uandishi na uhakiki wa ujumbe. Hisabati inaweza kubeba makato ya miamala na riba za mikopo ya simu. Mwalimu asisubiri maabara ya kompyuta. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu baada ya kazi hiyo, kwa hiyo shule nyingi zina angalau kifaa kimoja ambacho mwalimu anaweza kukiweka mezani mbele ya darasa, na sehemu kubwa ya vipindi vinavyoelezwa hapa haihitaji hata hicho, kwani ubao na chaki vinatosha.

Darasa la wanafunzi wengi lenye kifaa kimoja si jambo geni katika historia ya elimu nchini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wazima wapatao milioni 2 kupitia redio, na siri ya mafanikio yake haikuwa redio yenyewe, bali vikundi vya kusikiliza: watu walikaa pamoja kuzunguka redio moja wakiwa na kiongozi aliyepewa mafunzo na kijitabu cha kufuatilia, kipindi kikiisha wakajadiliana, wakaamua la kufanya, kisha wakachimba vyoo. Mwalimu wa leo anaweza kuazima mpangilio huo jinsi ulivyo. Kifaa kinakuwa kimoja, kiongozi anakuwa mwanafunzi aliyeandaliwa mapema, kila kikundi kinapata karatasi yenye maswali, na kipindi hakifungwi mpaka kikundi kiwe kimeandika uamuzi wake.

Kuanza na ramani ya simu za nyumbani

Katika kipindi cha kwanza kila mwanafunzi achore kwenye daftari lake jedwali la simu zilizopo nyumbani: ni za aina gani, yaani simu janja au simu ndogo za vitufe zinazoitwa vitochi au viswaswadu, mwenye kila simu ni nani, laini imesajiliwa kwa jina la nani, nani husoma ujumbe unapoingia, na nani anajua namba ya siri ya akaunti ya fedha. Mwalimu asisitize kwamba hakuna anayeandika namba ya simu wala namba ya siri, na madaftari hayo yasikusanywe. Hilo ni sehemu ya somo: mwalimu anayefundisha faragha, yaani haki ya mtu kuamua nani ajue habari zake, huku akikusanya habari za familia 60 mezani kwake, anakuwa ameshalipinga somo lake kabla ya kipindi kuisha.

Jedwali likikamilika, mjadala hujileta wenyewe. Wanafunzi wengi watagundua kwamba laini wanayoitumia wakati wa likizo ina jina la mtu mwingine. Tangu usajili wa laini kwa alama za vidole ukamilishwe mwaka 2020, laini hufungamana na namba ya kitambulisho cha taifa, na kitambulisho hicho hutolewa kwa mtu mwenye umri wa miaka 18 au zaidi. Kwa hiyo matusi, picha au uzushi unaotumwa na mwanafunzi wa miaka 15 huonekana kwanza kama umetoka kwa mama yake au mjomba wake. Mwalimu awaeleze kuwa mwenye laini anaweza kupiga *106# kukagua laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake, na hiyo iwe kazi ya kwanza ya nyumbani, ambayo mwanafunzi anaifanya pamoja na mzazi na kurudi shuleni na jibu la "tumekagua" au "hatujakagua" bila maelezo zaidi.

Kutoka hapo mwalimu aingie kwenye wajibu wa karani, ambao ndio kiini cha mwongozo huu. Karani wa kaya husoma kilichoandikwa kama kilivyoandikwa, bila kuongeza na bila kupunguza, hata kama ujumbe ni wa deni, wa ugonjwa au wa kumsema yeye mwenyewe. Huacha habari za simu ya bibi zibaki kwa bibi, kwa sababu kupewa simu asome si kupewa ruhusa ya kusimulia. Na hapaswi kuishika namba ya siri kichwani. Hili la mwisho ndilo gumu, maana wazee wengi wasiojua kusoma humtajia mjukuu namba hiyo kwa nia njema, na siku fedha zikipungua mjukuu huwa mshukiwa wa kwanza, awe amezichukua au hakuzichukua. Karani mwaminifu anahitaji ulinzi sawa na mwenye fedha, na wanafunzi hulielewa hilo haraka kuliko wanavyoelewa hotuba juu ya uaminifu.

Dawa ya tatizo hilo iko kwenye vidole. Katika simu nyingi za vitufe kitufe cha 5 kina kinundu kinachosikika kwa kidole, na kutokea hapo namba nyingine zote hupatikana kwa kuhesabu kwenda juu, chini, kushoto au kulia. Mwanafunzi anaweza kumfundisha bibi asiyejua tarakimu, au babu ambaye macho yamechoka, kubonyeza namba yake ya siri kwa mwendo wa kidole, yeye akiwa amegeuza uso pembeni. Zoezi hili hufanyika darasani kwa kuchora vitufe kwenye kipande cha boksi, wanafunzi wakiwa wawili wawili, mmoja amefumba macho. Mwalimu anayefundisha karibu na Chamwino atajua pia kwamba kwa wanafunzi wa shule ya wasioona ya Buigiri kinundu hicho na sauti ya simu ni nyenzo za kila siku, na kwamba marufuku ya jumla ya "vifaa vyote" inapoandikwa bila kumfikiria mwanafunzi mwenye ulemavu, humnyang'anya daftari.

Uzito wa ukarani unazidi kuongezeka kadiri huduma za umma zinavyohamia kwenye simu. Tangu msimu wa 2022/2023 mkulima anayetaka mbolea ya ruzuku hutambuliwa kwa usajili wa kidijitali, baadhi ya kaya zinazosaidiwa na TASAF hupokea fedha kwa njia ya simu, na namba za malipo ya serikali huja kwa ujumbe mfupi. Mwanafunzi akifuta ujumbe mmoja kwa sababu simu imejaa, anaweza kuwa amefuta namba ambayo mzee alikuwa anaisubiri. Kabla ya kufuta chochote, karani huuliza.

Ujumbe wa kitapeli ubaoni

Hakuna kitabu cha kiada kilicho karibu na mwanafunzi wa Tanzania kuliko ujumbe ule unaosema kwamba ile pesa itumwe kwenye namba hii nyingine, na kwamba jina litakalotokea ni la fulani. Mwalimu auandike ubaoni, kisha darasa liutafute uongo wake kwa utaratibu ule ule unaotumika kuhakiki habari: nani ameandika, anajuaje habari hiyo, anataka nini kifanyike, na kwa nini haraka. Wanafunzi wataona kwamba ujumbe hautaji jina la anayeandikiwa, kwamba neno "ile" linamfanya msomaji aijaze habari kutoka kichwani mwake mwenyewe, na kwamba tapeli hahitaji kujua kitu chochote kuhusu familia hiyo. Anahitaji tu kutuma kwa watu wengi, akijua kwamba miongoni mwao kutakuwa na mtu aliyekuwa anakaribia kulipa kodi ya nyumba au ada. Kazi inayofuata ni wanafunzi wenyewe kuuandika upya ujumbe wa kweli ambao baba angemwandikia mama kuhusu jambo hilo, ili walinganishe. Mara nyingi ujumbe wa kweli una kitu ambacho mgeni hawezi kukijua, kama jina la utani, deni la zamani au mbuzi aliyeuzwa kwenye mnada wa Kongwa.

Aina ya pili ni ujumbe wa kubuni unaosema kwamba fedha zimeingia, ukifuatwa na simu ya mtu anayelia kwamba amekosea namba na anaomba arudishiwe. Kanuni hapa ni fupi: salio huaminiwa kwa kulikagua kwenye menyu ya mtandao, si kwa kusoma ujumbe, na mtu aliyekosea kutuma huelekezwa kwa watoa huduma wa mtandao wake, ambao wana utaratibu wa kurejesha muamala. Mfanyakazi wa kampuni ya simu hana sababu ya kuuliza namba ya siri, wala tarakimu za uthibitisho zinazotumwa kwa ujumbe.

Aina ya tatu inaihusu shule moja kwa moja, na kwa hiyo shule haiwezi kuikwepa. Mtu humpigia mzazi akijitambulisha kuwa mwalimu au matroni, akisema mtoto ameanguka, amekimbizwa hospitali, na fedha za matibabu zinahitajika dakika hiyo hiyo. Mzazi aliyeko Ikungi ambaye mtoto wake anasoma bweni Dodoma hawezi kusafiri kwenda kuthibitisha. Shule inaweza kuchukua hatua mbili zisizogharimu kitu: kuandika kwenye fomu ya kujiunga namba zote rasmi za shule, pamoja na maelezo ya wazi kwamba shule haiombi fedha za dharura kwa simu kwenda kwenye namba binafsi, na kumfundisha kila mwanafunzi kuacha nyumbani swali la siri la familia, yaani swali ambalo jibu lake analijua yeye na wazazi wake tu, ili anayejifanya kusema kwa niaba yake akwame. Ujumbe wa kitapeli hutumwa kwenda namba 15040, iliyotengwa nchini kwa kazi hiyo, na ni vizuri wanafunzi waijue namba hiyo kwa moyo kama wanavyojua 116, ambayo ni namba ya bure ya huduma ya simu kwa mtoto.

Kwa kidato cha tatu na cha nne, mwalimu aongeze mikopo ya mtandaoni. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipiga marufuku programu 69 za kukopesha zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Jambo la kufundishwa hapo ni ruhusa ambazo programu huomba inapowekwa kwenye simu: programu inayodai kukopesha shilingi 30,000 lakini inataka kusoma orodha ya majina yote ya simu, inajiandaa kuwaeleza ndugu na majirani kwamba mwenye simu ni mdaiwa. Mwanafunzi anayemwekea mjomba programu ndiye anayebonyeza "kubali", kwa hiyo ajue amekubali nini.

Akili mnemba na swali la mvua

Akili mnemba ni jina la mifumo ya kompyuta inayojibu maswali na kutunga maandishi kwa kufuata ruwaza ilizojifunza kutoka kwenye maandishi mengi sana yaliyoandikwa na watu. Haikagui ukweli kwa namna ambayo mwandishi wa habari au mtafiti hukagua. Hutoa maneno yanayoelekea kufuatana, na ndiyo maana inaweza kukosea kwa ufasaha uleule inaoutumia inaposema kweli. Maelezo hayo hayamwingii mwanafunzi kwa kuambiwa. Humwingia anapoulizia jambo ambalo yeye analijua kuliko mashine.

Swali zuri kwa nyanda za kati ni la mvua. Mwalimu aiulize programu hiyo, mbele ya darasa, kwamba Tanzania ina misimu gani ya mvua na mkulima apande mtama lini. Jibu likija na vuli na masika bila ufafanuzi, mwanafunzi wa Mpwapwa atalikosoa bila kufungua kitabu, kwa sababu eneo lake hupata msimu mmoja tu, unaoanza kati ya Novemba na Desemba na kuisha Aprili, ilhali vuli na masika ni mpangilio wa maeneo kama pwani ya kaskazini na nyanda za juu za kaskazini mashariki. Jibu likija sahihi, darasa linapata kazi ngumu zaidi na yenye faida zaidi, nayo ni kueleza wamejuaje kuwa ni sahihi, na wangefanya nini kama swali lingekuwa la Rukwa au la Pemba, ambako hawajawahi kulima. Wanafunzi walinganishe jibu hilo na taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, na pia maelezo ya mkulima mmoja mzee wa kijijini. Vyanzo hivyo vitatu havitakubaliana kwa kila jambo, na mwalimu asifanye haraka kuvipatanisha.

Kuhusu kazi za darasani, mwalimu aukubali ukweli mmoja kabla ya kuweka sheria: mwanafunzi wa kidato cha kwanza aliyesoma msingi kwa Kiswahili na kukutana ghafla na Biolojia kwa Kiingereza ana sababu nzito ya kutafuta msaada wa mashine, na sababu hiyo si uvivu. Kumruhusu atumie programu kupata maana ya aya kwa Kiswahili, kisha aieleze kwa maneno yake, ni kumsaidia kusoma. Kumruhusu alete insha iliyotungwa na mashine ni kumfundisha wizi wa maandishi, yaani kuwasilisha kazi ya mwingine kana kwamba ni yake. Mpaka kati ya mambo hayo mawili hulindwa kwa maswali ya ana kwa ana: mwanafunzi anayewasilisha kazi ya mradi aulizwe mambo mawili au matatu juu yake akiwa amesimama, na alama zigawanywe kati ya karatasi na majibu hayo. Programu zinazodai kugundua maandishi ya mashine hazipaswi kutumika kumhukumu mtoto, kwani huwatuhumu pia walioandika wenyewe. Katika mitihani ya Taifa hakuna mjadala: mtahiniwa kukutwa na simu katika chumba cha mtihani ni udanganyifu unaoweza kumfutia matokeo.

Picha, aibu na sheria

Sehemu hii ifundishwe kwa utulivu, kwa wavulana na wasichana pamoja, na mwalimu wa malezi awepo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 ilitaja unyanyasaji wa mtandaoni katika kifungu cha 23, kwa maana ya kutuma mawasiliano kwa kusudi la kumtisha, kumsumbua au kumtia mtu mfadhaiko, na ikaweka faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Picha za ngono za mtoto zina kifungu chake na adhabu kali zaidi, na mtoto, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ni mtu yeyote aliye chini ya miaka 18. Vijana wengi hawajui kwamba anayesambaza picha aliyoipokea naye amesambaza, hata kama hakuipiga, na hata kama mhusika ni rafiki yake aliyeituma kwa hiari.

Walimu nao hukosea hapa. Picha ya aina hiyo inapogunduliwa shuleni, silika ya mwalimu wa zamu ni kujitumia nakala kama ushahidi, kisha kuipeleka kwa mkuu wa shule, kisha kwenye kundi la WhatsApp la walimu ili "wajue". Kufikia jioni shule imeisambaza kuliko mwanafunzi. Utaratibu sahihi ni kuizima simu na kuifungia ofisini bila kunakili kitu, kuandika kwa maneno kilichoonekana na nani alikuwepo, kumjulisha mkuu wa shule na afisa ustawi wa jamii, na kulifikisha suala kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Aliyepigwa picha hashtakiwi mstarini wala kurudishwa nyumbani kwa aibu. Yeye ndiye aliyeumizwa, na kumfukuza ni kumalizia kazi iliyoanzwa na msambazaji.

Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 16, inakataza kuchapisha taarifa za uongo, na upana wa kifungu hicho umelalamikiwa na watetezi wa uhuru wa habari. Mwanafunzi akijue kifungu hicho, ila mwalimu asikifanye fimbo ya kuzuia maswali. Darasa linalofundishwa kwa vitisho hutoka likiamini kwamba usalama ni kunyamaza, na kijana anayeamini hivyo hatamwambia mtu yeyote siku atakapotishiwa na mtu mzima aliyemkuta mtandaoni.

Shule kama mfano

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za watoto miongoni mwa taarifa nyeti, na Tume inayosimamia sheria hiyo ilizinduliwa Aprili 2024. Shule inayorusha mtandaoni picha ya yatima akipokea sare kutoka kwa mfadhili, au orodha ya wasiolipa michango kwenye kundi la wazazi, imekwenda kinyume na somo lake yenyewe. Ruhusa ya mzazi iombwe kwa maandishi, kwa kila matumizi, na kukataa kusimfanye mtoto atengwe kwenye tukio. Matokeo ya kidato cha nne hutolewa na Baraza la Mitihani kwa namba ya mtahiniwa pasipo jina, na mfano huo ufafanuliwe darasani: anayempa mwenzake namba yake ya mtihani amempa ufunguo wa kuyasoma matokeo kabla yake, na kuyatangaza pia. Kishikwambi cha mwalimu chenye alama na picha za wanafunzi kiwe na nywila, na kisiachiwe watoto wa nyumbani kuchezea michezo.

Kazi ya likizo

Vipindi hivi vikiwekwa Februari vitasahaulika kabla ya kutumika. Wiki tatu za mwisho kabla ya kufunga shule Juni na Desemba ndizo zinazofaa, kwa kuwa mwanafunzi anakwenda moja kwa moja kwenye simu ya nyumbani. Na kwa kidato cha nne, wanaomaliza mitihani Novemba na mara nyingi kununuliwa simu ya kwanza mwezi huo huo, somo lipangwe Septemba, kabla joto la mitihani halijapanda.

Kazi yenyewe iwe ndogo. Mwanafunzi afanye jambo moja la ukarani, kama kumfundisha mtu mzima mmoja kubonyeza namba yake ya siri mwenyewe, kukagua laini kwa *106#, kuweka swali la siri la familia, au kuandika kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani namba 15040 na 116. Aandike aya moja juu ya kilichokuwa kigumu, bila majina na bila kiasi cha fedha. Shule zikifunguliwa, aya hizo zisomwe katika vikundi, na zile zinazosimulia kushindwa zitengewe muda mrefu zaidi, hasa za waliokataliwa na wazee wao. Mzee anayekataa kufundishwa na mjukuu ana hoja ambayo darasa linapaswa kuisikiliza. Huenda hofu yake ni kukosea na kupoteza fedha, huenda ni heshima yake mbele ya mtoto, na kila hofu ina njia yake. Vikundi vitafute njia hizo na kuziandika, na karatasi zao ziwe ndizo maandalizi ya mwalimu kwa muhula unaofuata.